Nina milioni moja na laki tisa: mashine ya kupukuchua mahindi au bomba za kupulizia dawa?

mlowo27 (Mbozi)

Habari za saa hizi wakuu. Mimi humu ni wa kusoma na kupita, leo ndiyo mara ya kwanza naanzisha uzi, mnivumilie kama nitaandika marefu.

Ni binti wa miaka 27, naishi kijiji kimoja nje kidogo ya Mlowo. Nimeishia kidato cha nne. Nina mtoto wa miezi tisa, bado ananyonya. Baba yake yuko Tunduma anapakua mizigo, hela yake huja inapojisikia. Nalima ekari moja na nusu ya mama, mahindi na maharage. Juzi tumevunja kikoba, mgawo wangu umetoka 1,240,000. Nikijumlisha na maharage niliyouza nina 1,900,000 kamili. Nyumbani hawajui, nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa.

Kuongeza ekari sitaki. Msimu uliopita tulipata gunia 23. Mwenye mashine alifika kwetu saa tatu asubuhi, saa tano kasoro akawa anafunga turubai lake na 46,000 mfukoni. Sisi tulibaki tumekaa juu ya magunia tunamsubiri dalali aje atupangie bei. Na hiyo ilikuwa nyumba ya pili kwake siku hiyo. Nikawaza, hapa kijijini anayeshika noti msimu wa mavuno si mwenye shamba, ni huyu, na mwenye mkokoteni wa ng'ombe, na wale vijana wa bomba wanaozunguka Januari.

Sasa nina njia mbili mbele yangu.

Ya kwanza: shemeji yangu, mume wa dada, anauza mashine yake ya kupukuchulia. Injini ya dizeli hospawa 12, ameitumia misimu mitatu. Anataka 3,200,000. Kwa kuwa mimi ni ndugu, nimpe 1,900,000 sasa hivi na iliyobaki, 1,300,000, nimalizie mwezi wa nane mavuno yakiisha.

Ya pili: ninunue bomba mbili za mgongoni za lita 16 na moja ya injini, na mavazi ya kujikinga, niwe napulizia watu dawa mashambani. Muuza duka la pembejeo amenipigia hesabu kama 700,000. Anasema wanawake ndio wapuliziaji wazuri, hawarukii mistari.

Hapa kwetu sijawahi kuona mwanamke mwenye mashine wala bomba la biashara. Nauliza walio kwenye kazi hizi: kuna hela kweli au naona kwa macho tu? Na mkumbuke mimi shemeji ni wa kukutana naye kila msiba na kila harusi.

---

kobe_mjanja

Nunua bodaboda, mpe kijana, hesabu jioni. Mengine ni kujitafutia presha.

---

mlowo27

Asante mkuu. Bodaboda kijijini kwetu ziko 14 na abiria ni walewale.

---

itaka_bomba (Mbozi)

Dada yangu, sisi ni majirani kabisa. Mimi napulizia, huu ni msimu wa nne, ngoja nikupe picha ya huku.

Tunalipwa kwa bomba, si kwa ekari. Bomba moja likijazwa na kumalizwa ni 2,000, dawa na maji ni juu ya mwenye shamba. Mahindi ya magotini ekari inakula bomba nane mpaka kumi. Siku nzuri napiga ekari mbili, nikijikaza tatu. Usidhani ni kutwa nzima. Unaanza saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa nne jua limeshakuwa kali na upepo umeamka, unaacha. Unarudi saa kumi jioni. Katikati hapo unalala au unagombana na mtu kuhusu hela yake.

Kazi ilikolea tangu kiwavijeshi vamizi aingie nchini 2017. Yule mdudu anataka apigwe akiwa mdogo. Akishaingia ndani ya moyo wa mhindi na kujizibia na kinyesi chake kile kinachofanana na unga wa mbao, unapiga dawa inaishia juu. Na wakulima wetu wanakuita wakati huohuo, mdudu ameshanenepa, halafu asipokufa wanasema umechakachua. Kwa hiyo mimi siku hizi siitwi, napita mwenyewe kwenye mashamba, nafunua majani, nikiona vitobo vidogo vidogo naenda kugonga mlango. Wateja wangu nusu nimewapata hivyo. Januari iliyopita peke yake nilipiga bomba 206.

Uzuri wake kazi haina mwezi mmoja. Novemba dawa ya magugu. Desemba hadi Februari viwavi. Kahawa ina zamu zake za magonjwa, chulebuni na kutu ya majani, ingawa waliopanda miche mipya ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, hawakuiti, ile inavumilia. Kiangazi kuna nyanya za mabondeni, hizo ndizo zinalipa, maana mwenye nyanya akikosa mpuliziaji siku mbili anaona kifo.

Ubaya wake: mgongo. Na dawa. Mwaka wa kwanza nilikuwa na bomba linavuja kwenye kifuniko, linanichuruzikia mgongoni, nikawa nasema ni maji tu. Nilikuwa nalala na kichwa kinagonga kama ngoma. Sasa nimejifunza kusoma ule mstari wa rangi chini ya kibandiko: kijani, bluu, njano, nyekundu. Nyekundu siigusi hata ulipe mara tatu. Glovu, buti, miwani, barakoa, ovaroli linalofuliwa peke yake. Mke wangu halifui, nalifua mwenyewe.

Kama uko tayari, njoo PM tuzunguke pamoja wiki mbili kabla hujatoa hata shilingi.

---

Mama Hendeli (Madaba, Ruvuma)

Mwanangu wa Mlowo, nimesoma maneno yako mara mbili. Mara ya pili ndiyo nikaona pale uliposema mtoto ana miezi tisa na ananyonya. Kijana wa Itaka amekueleza vizuri sana, ila hilo limempita. Bomba usiguse. Mjamzito na anayenyonyesha hawashiki dawa hizo, hata hiyo ya kijani, na muuza duka anayekuambia wanawake hawarukii mistari anataka kuuza bomba tatu. Mtoto akiacha ziwa, mtafute huyo kijana.

Tubaki na mashine. Mimi ninayo tangu 2014. Jina hili la humu nimepewa na wateja, maana nilipoanza walikuwa wanakuja kuangalia kama nitaweza kupiga hendeli, ule mpini wa kuwashia injini kwa mkono. Niliweza siku ya tatu. Siku mbili za kwanza ilinirudishia, mkono ukavimba. Mpaka leo nikifika kaya ngeni mwenye nyumba anawasalimia vijana wangu, anauliza mwenye mashine yuko wapi, halafu ananionyesha jiko lilipo. Siku hizi nakwenda jikoni kweli, nakunywa chai ya mama mwenye nyumba, narudi kudai hela.

Hesabu yako uliyoipiga siku ile ya gunia 23 ndiyo hesabu iliyonidanganya na mimi. Uliona saa mbili za kazi. Hukuona asubuhi mkanda ulipokatika, wala kesho yake alipokaa bure kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa msibani. Nikupe daftari langu la msimu wa juzi, liko hapa mkononi.

Kuanzia katikati ya Juni hadi mwanzoni mwa Agosti ni siku kama 50. Ukitoa Jumapili, misiba, siku za mnada, siku mashine iko kwa fundi, nilifanya kazi siku 34. Mashine yangu inaweza gunia 70 kwa siku ikikaa mahali pamoja, lakini haikai. Huyu ana gunia nane, unafunga, ng'ombe wanavuta, unafungua kwa mwingine mwenye sita. Wastani ulikuwa 35. Jumla gunia 1,190, kwa 2,000, ni 2,380,000.

Sasa toa. Dizeli lita sita kwa siku, kwa 2,800: 571,200. Vijana watatu wanagawana 500 kwa kila gunia: 595,000. Ng'ombe wa kuhamisha, mara ishirini kwa 10,000: 200,000. Mikanda, beringi, oili, kuchomelea chekeche lililotoboka: 260,000. Imebaki 753,800. Na humo kuna 148,000 za watu "nitakupa nikiuza" ambao wameshauza na kula. Mkononi nilishika 605,800.

Hiyo ndiyo mashine isiyo na deni. Wewe unatakiwa mwezi wa nane umpe shemeji 1,300,000. Utampa nini? Tena utampa dada yako nini cha kumwambia mumewe?

Watu wanasema lipwa mahindi badala ya hela. Mimi napokea, debe mbili kwa gunia kumi, nakausha tena, naweka kwenye mifuko ile ya kinga njaa yenye tabaka tatu, nauza Januari. Kuna miaka imenipa faida kuliko kupukuchua kwenyewe. Kuna mwaka bei ilikuwa Januari sawa na Julai, nikabaki na vumbi. Usianze na hilo.

Kingine kinachoniokoa ni ile injini. Mahindi yakiisha naifungua, naifunga kwenye pampu ya maji, inamwagilia vinyungu vya watu, zile bustani za mabondeni, hadi Oktoba, kwa saa. Mashine bila kazi ya pili ni chuma kimekaa miezi kumi chini ya mwembe kinakula kutu. Muulize shemeji yako amekuwa akiifanyia nini Septemba. Na muulize kwa nini anauza, halafu usisikilize jibu, nenda ukaiwashe ikiwa ya baridi asubuhi mwenyewe uone moshi.

Halafu nguo. Sikuandika mwanzoni nisikutishe. 2017 niliinama kuokota gunzi nimejifunga kitenge, ncha ikaingia kwenye mkanda. Kijana wangu alikata dizeli, lakini injini haisimami palepale, inaendelea kuzunguka. Kitenge kilichanika, namshukuru Mungu kilikuwa cha zamani. Kingekuwa kipya kingenivuta. Tangu siku hiyo navaa suruali na ovaroli, kilemba nakifungia ndani ya kofia, na mtoto yeyote anayekuja kuokota magunzi nimemchorea mstari kwa jivu, akivuka nazima. Waliosema mama mtu mzima anavaa suruali wamenyamaza. Wengine wananiomba niwapunguzie bei.

Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekuambia hivi. Mwaka huu usinunue mashine, mwache shemeji abaki nayo, nawe umfanyie kazi iliyomshinda. Ni ile ya kukaa kaya mojamoja. Zunguka mtaani kwako Mei, andika nani ana gunia ngapi na anavuna lini, wakubaliane wakusanye mahindi sehemu moja, kaya sita kwa siku. Mashine ikitoka gunia 35 ikafika 60 bila kuhama, shemeji akupe 300 kwa kila gunia na bado amekuzidi. Wewe nunua turubai nne, mzani wa kuning'inia wenye stika ya Wakala wa Vipimo, shazia na uzi. Kupima na kushona mlipishe mwenye mahindi 300. Wenye gunia hapo kwenu wanaumizwa na lumbesa, ukiwa na mzani wa haki watakufuata wewe kabla ya mashine. Ukipata gunia elfu moja, hata kama si wote watakaopima, unashika laki tano hadi sita. Karibu sawa na mimi, na hujavimba mkono. Milioni na zaidi yako inabaki kwenye simu.

Na chumvi. Usiruhusu mahindi mabichi yapite kwenye mashine hata mwenye nayo akikutukana, yanapasuka, na punje iliyopasuka ikikaa na unyevu inaota kuvu. Mnakumbuka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu. Kaanga chumvi kidogo ikauke kabisa, ipoe, weka kwenye chupa kavu ya soda na mahindi, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado. Isipoganda, endelea. Hifadhi ya chakula ya taifa wananunua kwa unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kwa hiyo watahitaji kipimo chao, lakini chupa itakuokoa na ubishi wa nyumbani.

---

mlowo27

Shikamoo mama. Nimesoma nimenyonyesha nimerudi nimesoma tena. Lile la kunyonyesha sikulijua kabisa, na muuza duka alimwona mtoto mgongoni.

Swali moja: shemeji atakubali vipi kunipa 300 wakati vijana wake wanajua njia zote za kijiji?

---

Mama Hendeli (Madaba, Ruvuma)

Marahaba mwanangu. Usimwombe. Mpelekee daftari lenye majina 40 na namba za magunia, mwambie yote yako sehemu saba. Mwenye mashine akiona majina 40 anakuwa mpole.

---

jembe_la_mkono_mbili (Kongwa)

Naheshimu mama, ila tusimtishe binti. Mimi niko Kibaigwa, mashine yangu ilirudisha hela yake misimu miwili. Siri ni kutokukaa kijijini. Kwetu ikiisha napakia kwenye Fuso, tunaingia Kiteto, huko mtu ana gunia mia tatu kwenye shamba moja, unakaa siku nne hujahama hata hatua. Gunia 120 kwa siku tumezifikisha. Huyo wa gunia nane kwa nane hawezi kukutajirisha milele.

Vilevile kuna ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Akaunde kikundi.

---

Mama Hendeli (Madaba, Ruvuma)

Mdogo wangu wa Kibaigwa, uko sahihi kabisa kwa mwanaume anayeweza kulala wiki tatu porini juu ya magunia. Niliwahi, 2019, si Kiteto, upande wa Namtumbo. Usiku wa pili nikalala nimekumbatia spana. Huyu ana mtoto wa miezi tisa.

Kikundi sawa. Mimi kilinisaidia kununua pampu, tulikuwa watano. Ila kikundi cha watu watano kwenye mashine moja, tafuteni kwanza nani anaamka kuipaka grisi. Sisi tulikuwa na wenyekiti wanne na mpaka grisi mmoja, mimi.

---

itaka_bomba (Mbozi)

Mama nimekubali, la mtoto lilinipita. Binti, kwa upande wangu nitakupa orodha ya wateja wangu wa mahindi, nimepita mashamba yao yote, najua nani kapata na nani kaliwa na viwavi. Ukinipa 50 kwa gunia sitakataa.

---

kobe_mjanja

Kumbe uzi umekuwa chuo. Bodaboda naifuta.

---

mlowo27

Nimerudi wakuu, leo ni tarehe 24 Juni. Samahani kwa kimya.

Nilipata majina 31, si 40. Shemeji alicheka, akaangalia daftari, akaacha kucheka. Tumekubaliana 250. Mashine aliniambia anauza kwa sababu anataka kiwanja, lakini niliiwasha asubuhi kama mama alivyosema na moshi ulikuwa mweusi, kwa hiyo kiwanja kinaweza kuwa kweli na moshi pia ni kweli. Nimenunua turubai tatu, ya nne ya kukopa kanisani. Mzani 135,000, una stika. Kijana wa Itaka amenipa majina kumi na mawili zaidi, tumeelewana 50 yake.

Siku tano za kwanza tumepukuchua gunia 214. Waliopima na kushona kwangu ni 131. Mwanangu anashinda kwa mama yangu, naletewa saa tano na saa tisa kunyonyesha, naenda mbali na vumbi. Nyumbani sasa wanajua kuna hela, hawajui ni ngapi. Suruali nimevaa, mama yangu amenuna siku mbili.

Nauliza haraka, niko hapahapa kwenye turubai. Nimekaanga chumvi, nimetikisa chupa. Imeganda, tena imeganda hasa. Mahindi ni ya mjumbe wetu, gunia 19, ameleta wa kwanza, na mashine inanguruma. Ameshaniambia mahindi yamekauka, amelima kabla sijazaliwa. Nimwambieje?

---

Mama Hendeli (Madaba, Ruvuma)

Usimwambie kitu. Mpe chupa aitikise mwenyewe mbele za watu. Halafu mkodishie turubai siku tatu.

---

mlowo27

Ameitikisa. Ameitikisa tena. Amechukua turubai mbili.